Vidonge vya Mwenzetu
(Maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa Suneka)



Reli haifiki Suneka. Sisi tuliozaliwa hapa na kulishwa na reli twapita Kisii, Oyugis na Ahero ndipo tuione, na kazi zetu ziko stesheni za mbali. Tukirudi likizo twaonekana watu wakubwa wenye mishahara. Kwa hiyo mwenzetu mmoja alipougua haya ilitushika sote, tukanyamaza. Leo ametupa ruhusa kusema, ila jina lake tusilitaje.

Wengi wenu mlimwona wakati ule alipokesha siku nne. Alisema upesi upesi, akagawa mshahara wake wote stendi, akataka kununua ng'ombe wa jirani kwa fedha asizokuwa nazo. Tulicheka tukasema amelewa. Miezi miwili baadaye alikuwa kitandani, hataki uji wala kunyoa ndevu. Hapo hatukucheka. Ni ugonjwa mmoja wenye nyuso mbili, na madaktari wauita bipola. Si pombe, si kulogwa, wala si kifafa. Twataja kifafa kwa sababu jirani mmoja aliyesoma kidogo aliona jina la kabamazepini kwenye pakiti, akatangaza kuwa ni dawa ya kifafa, na mgonjwa akaitupa chooni kwa haya. Ni kweli kifafa hutibiwa nayo, lakini dawa hiyo hiyo hutuliza bipola pia.

Mara ya pili aliacha mwenyewe, kwa kuwa alijisikia mzima. Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu amepata nafuu kwa sababu anameza, naye adhani hana haja tena ya kumeza. Wala tusimlaumu upesi. Dawa hizi huwanenepesha wengine, hutetemesha mikono, huleta usingizi. Na msimamizi akimkuta mtu anasinzia kati ya mabehewa hamwulizi habari za vidonge. Mwenzetu alikuwa akiruka vidonge kila wiki ya zamu ya usiku ili asifukuzwe. Basi akakosa dawa na usingizi pamoja, na kukosa usingizi peke yake kwaweza kuuamsha ugonjwa huu.

Sasa anapewa lithiamu. Ni aina ya chumvi. Daktari John Cade wa Australia ndiye aliyeandika mwaka wa 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wake. Ni dawa nzuri lakini haitaki mchezo. Ikipungua katika damu haifai kitu, ikizidi ni sumu. Damu hupimwa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, yaani akimeza saa tatu usiku apimwe saa tatu asubuhi kabla ya kumeza kingine. Mafigo na tezi ya shingoni hukaguliwa pia. Mtu atokaye jasho juani kutwa bila kunywa maji, au anayeharisha, dawa hupanda katika damu yake. Na ninyi mnaonunua diklofenaki na ibuprofeni dukani kwa ajili ya mgongo (nasi tumo), msimgawie, nazo huipandisha. Akisahau kidonge, asimeze viwili kwa pamoja. Akianza kutapika, kutetemeka sana na kuyumba kama mlevi, mpelekeni hospitali mara moja, msimpeleke nyumbani akalale.

Wako watakaosema mtu kama huyu asikae relini kabisa. Hatukubali. Wala hatudai aunganishe mabehewa huku anasinzia. Twadai zamu ya mchana, na ruhusa ya siku ya kupimwa bila kukatwa mshahara. Barua tumekwisha iandika, yataka sahihi zenu.

Kupimwa kwake ni Jumatano ijayo, Kisii. Mama yake atashika pakiti ya dawa mpaka siku hiyo. Nauli imepatikana. Kilichobaki ni mtu wa kushika zamu yake ya Jumanne usiku. Daftari liko kwa mwandishi, pale mlangoni.