Mafuta, Hisani na Haki: Majibu ya Ghuba kwa Wananchi Wake



Watawala wenye mafuta hujibu nini wananchi wanapodai sauti katika nchi yao? Nitaanzia Oman, ambako Kiswahili kingali kinasemwa majumbani.

Februari 2011, vijana wa Sohar, mji wa bandari na viwanda, walikusanyika kwenye mzunguko wa barabara. Walidai ajira, mishahara bora, kung'olewa kwa mawaziri wala rushwa, na Baraza la Shura, yaani baraza la ushauri, lenye meno. Mwandamanaji aliuawa. Sultani Qaboos akatangaza ajira 50,000 na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta kazi. Mawaziri walibadilishwa, na mwezi Oktoba Baraza likapewa sehemu katika utungaji wa sheria. Neno la mwisho lilibaki kwa Sultani. Mwaka uliofuata wanaharakati walifungwa kwa kosa la kumkashifu.

Mkono mtupu haulambwi, nao watawala wa Ghuba walilijua hilo: mkono mmoja ulijaa fedha, wa pili ulishika silaha. Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia aliahidi takriban dola bilioni 130. Humo mlikuwa na nyumba 500,000, lakini pia nafasi 60,000 za kazi katika Wizara ya Mambo ya Ndani, yenye dhamana ya usalama. Bahrain, yenye mafuta machache, iligawa dinari 1,000 kwa kila familia. Umma ulipozidi kuandamana, vikosi vya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu viliingia nchini humo tarehe 14 Machi 2011. Siku nne baadaye mnara wa Lulu, kitovu cha maandamano, ulibomolewa.

Mchumi Hossein Mahdavy alieleza msingi wa jambo hili mwaka 1970, akiichunguza Iran: dola inayoishi kwa mapato ya mafuta kutoka nje haihitaji kodi ya raia, hivyo haioni sababu ya kuwasikiliza. Hata hivyo, mafuta si laana yenyewe. Norway iliyagundua mwaka 1969 ikiwa tayari na bunge imara, na bunge hilo ndilo lililoyasimamia.

Udhaifu wa hisani huonekana hazina inapopungua. Bei ya mafuta iliporomoka kuanzia 2014. Aprili 2021 Oman ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mwezi uliofuata vijana wa Sohar walirudi barabarani kudai kazi ileile. Walikuwa wamepewa posho, hawakupewa mamlaka.

Ndugu zangu, somo hili linatuhusu nasi: gesi ya Mtwara na Lindi inachimbwa, na bomba la mafuta ya Hoima linaelekea Tanga. Tudai mikataba iwe wazi na bunge liwe na nguvu ya kuihoji sasa, kabla fedha hazijawa nyingi kiasi cha kuwafanya watawala wasituhitaji.