Fundi kwa Simu

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na vijana wanaotaka kutengeneza programu ya kumtafuta fundi kwa simu.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia majumbani Rumonge. Baada ya hasara kama ile, waashi na maseremala huhitajika. Lakini fundi aliyejifunza kazi kambini Nyarugusu, akarudi juzi, nani anamjua? Vijana, anzeni na huyo.

Kwanza, programu itumike hata kwenye simu ya kitochi, kwa namba fupi, kama tunavyotuma pesa kwa Lumicash. Pili, ionyeshe kazi alizomaliza na maoni ya waliompa kazi. Asidaiwe diploma tu. Tatu, namba yake na mahali anapoishi visionekane kabla hajakubali kazi. Nne, bei iandikwe mapema: vifaa mbali, ufundi mbali.

Nawe mama au baba mwenye nyumba, usitume pesa zote kabla kazi haijaanza. Fundi, ukichelewa, piga simu useme.