Neno la Kamati ya Fedha: Bonde Letu la Kilombero

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana wa Kilombero mlioko hapa Dar es Salaam,

Mmetuzoea tukisimama na daftari la michango. Leo tunaomba tuanze na bonde lenyewe.

Maji ya milima ya Udzungwa, pamoja na ya Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi, yote hukutana kwetu. Masika ikikolea mto unavuka kingo, mbuga inakuwa ziwa. Maji yakirudi yanaacha tope la rutuba, madimbwi ya kambale na perege, na majani mabichi ya sheshe. Sheshe huyu, ambaye wengi wetu tulimjua kama kitoweo tu! Kumbe wakati fulani sehemu kubwa ya sheshe wote duniani walikuwa bondeni kwetu. Na yupo mnana wa kwenye matete ya mtoni aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1990 tu. Nje ya Tanzania hayupo. Mwaka 2002 bonde likaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani.

Leo simama juu ya daraja jipya: ni mpunga mpaka macho yachoke. Sheshe wamepungua sana. Tumezoea kuwalaumu wafugaji, na kweli ng'ombe waliingia wengi. Lakini tuulizane humu ndani, zile ekari zilizolimwa hadi ukingoni ni za nani? Nyingine ni zetu sisi tunaolima kwa simu, tunaotuma hela ya trekta na kwenda kupokea magunia. Wanakamati tulipopima mashamba yetu, matatu yalikuwa yamegusa maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Tumeuachia mto ukanda wake. Magunia yatapungua, hatuwafichi.

Lumemo ikifurika, wanaohama nyumba Ifakara ni wazazi wetu. Kwa hiyo michango ya leo ni ya kitalu cha mikuyu na miti mingine ya mtoni, na ya kuweka alama za mipaka kwenye mashamba ya wanachama.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Safari hii, kabla ya safu ya fedha, kuna safu nyingine: shamba lako liko mita ngapi kutoka mtoni? Tunaomba nayo ijazwe.