Picha ya Karibu na Picha ya Nusu Mwili
(Maneno ya mpiga picha mmoja kwa vijana wa Embu)



Siku moja nilikuwa sokoni Ishiara, upande wa Mbeere, nikampiga picha mama mmoja muuza ndengu. Nilimsogelea mno, hata uso wake ukaijaza picha yote. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amekunja uso. Gazeti moja likaichapa picha ile juu ya habari za njaa. Nilipokutana naye tena akaniuliza, "Mwanangu, magunia yangu uliyaacha wapi?" Sikuwa na jibu.

Kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa la gazeti. Picha ya karibu huonyesha kope, makunyanzi na machozi, lakini humtenga mtu na mahali pake. Anayeitazama hujijazia mwenyewe yale yasiyoonekana. Picha ya nusu mwili humwonyesha mtu pamoja na mikono yake na kazi aifanyayo. Kwa lenzi ya milimita 50, katika kamera ya filamu ya milimita 35, simameni kama mita moja na nusu mbele ya mtu, kamera ikiwa wima: mtampata toka kichwani hadi chini ya kiuno. Kwa sentimita 70 hubaki kichwa na mabega tu. Lenzi pana ya milimita 28 msiitumie kwa uso; mtalazimika kusogea mno, pua itavimba, na mwenyewe atawachukia, tena kwa haki.

Mkienda Maua kwa wafunga miraa, anzeni na nusu mwili: mtu, majani ya mgomba, na vibunda vilivyo mbele yake. Kisha visogeleeni vidole vinavyofunga. Vitaeleweka, kwa kuwa picha ya kwanza imekwisha kusema ni vya nani.

Zitazameni pia picha za Desemba 1963 za Mzee Jomo Kenyatta pamoja na Field Marshal Musa Mwariama wa Meru, aliyetoka msituni. Nywele ndefu za mpiganaji yule peke yake zingekuwa ajabu tu. Zikiwa kando ya Waziri Mkuu wa nchi iliyopata uhuru mwezi uo huo, ni habari.

Yule mama wa Ishiara nilimpiga picha tena, magunia yakiwemo. Gazeti halikuitaka. Nakala moja ninayo mimi, na nyingine anayo yeye.