Pumziko la Siku ya Kazi

 

Asubuhi hii wengi wenu mnasikiliza redio huku mikono iko kazini. Mwingine anakamua, mwingine anachochea moto, mwingine amekwisha kubeba kikapu mgongoni kuelekea shambani. Hatuwaambii mwache. Ng'ombe hangoji, na majani ya chai yaliyochumwa leo sharti yafike kiwandani yangali mabichi. Lakini tungependa kuuliza neno moja: katika siku hii ya leo, mwili wako umeuwekea saa gani?

Tunamjua mama mmoja katika makanisa yetu, mwenye chai yake na watoto wanne shuleni, aliyeumwa kichwa tangu kabla ya Pasaka. Kila alipoambiwa aende zahanati, alijibu kwamba siku hiyo ni ya kuchuma. Kesho yake ilikuwa ya kupalilia viazi, Alhamisi ni mkutano wa akina mama, na Jumamosi kuna mazishi. Mwishowe alianguka kwenye foleni ya kupima majani, jirani zake wakambeba. Presha ilikuwa imepanda mno. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai, ila mkono wake wa kushoto haujachuma tena tangu siku ile.

Yeye alau kichwa kilimwuma. Wengi wenye presha hawasikii maumivu yo yote, wala hawajui habari yake mpaka wapimwe. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa mikoba yenye kifaa cha kupimia presha, nao hutembea nyumba kwa nyumba. Kupimwa ni dakika chache tu. Akija mlangoni kwako, usimwambie arudi juma lijalo.

Sasa tutazame Injili ya Marko, sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka safari ya kuhubiri. Watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Bwana haisifu njaa yao. Anawaita waende kando wapumzike kidogo. Watu wengi husoma wakaishia hapo. Lakini someni mbele. Walipanda chomboni, watu wakawaona, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia kufika. Pumziko likaharibika! Siku ile ikaisha kwa kufundisha na kulisha wanaume 5,000. Je, Bwana aliona basi, leo imeshindikana? Sivyo. Jioni aliwatanguliza wanafunzi, akaagana na watu, naye akaenda mlimani kuomba. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa, akatafuta ya pili siku ile ile. Tena angalieni kwamba aliagana na watu. Wako wanaongoja mpaka pasiwe na mtu ye yote anayewahitaji, ndipo wapumzike, na siku hiyo haiji.

Ninyi wakulima wa chai mnalielewa jambo hili kuliko wachungaji. Mmea wa chai usipopogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, huenda juu hata mchumaji haufikii vizuri, na machipukizi hupungua. Basi mwenye shamba huukata, na kwa miezi kadhaa hapati hata kilo moja pale. Hakuna jirani amwitaye mvivu. Tena mwenye akili hapogoi shamba zima mara moja. Hupogoa sehemu mwaka huu na sehemu mwaka ujao, ili nyumba isikose fedha. Vivyo hivyo hatumwambii mtu aache kazi mwezi mzima. Tunasema nusu saa ya kula ukiwa umeketi. Tunasema kulala mapema kidogo. Tunasema siku ya kliniki iandikwe katika kalenda kabla siku za kuchuma hazijaijaza.

Hapa akina baba watuvumilie. Nusu saa ya mama haidondoki kutoka mbinguni kama mana. Yapasa mtu mwingine achukue debe la maji, na mwingine asonge ugali. Kijana mwenye nguvu za kucheza mpira jioni nzima anazo nguvu za kuteka maji. Na kungoja lori kituoni, mvua ya mawe ikinyesha, si pumziko, ingawa wako mabwana wanaolihesabu hivyo. Mabaraza ya parishi nayo yaangalie. Mikutano mitatu kwa juma kwa mama yule yule ni mingi mno. Miwili ingeweza kungoja.

Leo jioni, ninyi mlio wa nyumba moja, ulizaneni kila mmoja amekula saa ngapi, na presha yake ilipimwa lini. Asiyekumbuka, mpangieni siku juma hili hili, na mtaje ni nani atakayechuma badala yake.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyepanda mlimani baada ya siku ya kazi nyingi, uwakumbuke wanaochuma leo, na walio katika zamu ya usiku viwandani, na mama yule ambaye mkono wake ungali mzito. Amina.