Nia Itangulie Gongo



Mwezi wa Agosti mwaka 2012, watoto wa Lugazi, mji ulioko katika barabara itokayo Kampala kwenda Jinja, waliingia katika viwanja vya South Williamsport, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League, ambayo katika besiboli ya watoto hayana kifani. Na kabla ya kurejea kwao waliwashinda watoto wa Gresham, jimbo la Oregon, kwa alama 3 kwa 2. Habari ile ilinifurahisha mno, na haijaacha kunifurahisha. Lakini leo sikusudii kuhadithia ushindi, bali nataka tumtazame kwa taamuli mtoto mmoja, yeyote yule, wa Lugazi au wa Pennsylvania, katika dakika anapochukua gongo lake na kwenda kusimama peke yake mbele ya mrushaji, kwa kuwa naamini kwamba katika dakika ile sisi watu wazima aghalabu humdhulumu mtoto pasipo kujua.

Kwa msikilizaji asiyeujua mchezo huu, yatosha kusema hivi. Mrushaji humrushia mpigaji mpira mgumu wenye uzito wa kama gramu 142, naye mpigaji, aliyesimama kando ya kibao kilicholazwa ardhini, hutakiwa kuupiga kwa gongo la duara. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua chake, naye asiupige, au akizungusha gongo akaukosa, huhesabiwa straiki, na straiki tatu humtoa; ukipita nje ya mipaka hiyo naye akauacha, huhesabiwa mpira mbovu, na mibovu minne humpa ruhusa ya kwenda kituo cha kwanza bila ya kupiga. Kwa watu wazima umbali wa mrushaji ni mita 18.44, na mpira wenye mwendo wa kilomita 145 kwa saa huumaliza kwa kiasi cha sehemu nne za kumi za sekunde moja. Mtoto wa Little League amewekewa umbali wa mita 14 tu. Kwa hiyo mwenziwe mwenye mkono wa nguvu, ajapokuwa na umri wa miaka 12, humpa muda ule ule mfupi anaopewa mtu mzima, na zaidi ya thuluthi ya muda huo hutumika katika kulizungusha gongo lenyewe. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, Terry Bahill na Tom LaRitz, walieleza katika makala yao kwamba hata mchezaji wa kulipwa waliyempima, aliyewapita wengine wote kwa ustadi wa macho, aliweza kuufuata mpira mpaka ulipobakiza kama mita 1.7 kufika kwenye kibao, kisha ukamtoka. Sisi tunaomwambia mtoto autazame mpira mpaka uguse gongo tunamtaka afanye jambo ambalo jicho la binadamu halikujaliwa.

Natija ya hesabu hiyo ni nzito. Mpira ukisha kuondoka mkononi mwa mrushaji, hapana tena nafasi ya kufikiri, wala ya kukumbuka mafundisho, wala ya kushauriana na nafsi. Mwili hutekeleza yale ambayo akili ilikwisha kuyaazimia. Sasa sikilizeni sauti za ukingoni mwa uwanja mtoto anapongoja mpira: mmoja anamwambia ainue kiwiko, wa pili anamwambia apige hatua, wa tatu anamkumbusha kosa la juzi, na baba yake, kwa mapenzi yasiyo na shaka, anapaza sauti kwamba asiogope, na kwa neno hilo anamtia khofu ambayo pengine hakuwa nayo. Huenda kila neno katika hayo ni sahihi likisemwa mahali pake, katika mazoezi ya jioni, mtu na mwanafunzi wake. Lakini yakimwagwa yote kwa pamoja juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 10 ambaye amebakiwa na sekunde chache za kujikusanya, hayamfundishi lolote, yanamnyang'anya akili yake mwenyewe.

Ted Williams wa timu ya Boston Red Sox, ambaye wajuzi wengi humhesabu katika safu ya mbele kabisa ya wapigaji wote waliopata kushika gongo, alikuwa na macho yaliyosifiwa kote, na hata hivyo hakukubali kamwe kwamba upigaji ni baraka ya macho. Kwake ulikuwa ni elimu, nayo yataka kusomwa. Akiwa kijana katika timu ya Minneapolis mwaka 1938, alipata kwa Rogers Hornsby, bingwa wa zama zilizotangulia, nasaha ambayo aliishika maisha yake yote: mpigaji kwanza ajipatie mpira mzuri wa kupiga. Baadaye, katika kitabu alichokiandika pamoja na John Underwood juu ya elimu hiyo, aliligawa eneo la straiki katika nafasi 77, kila nafasi ukubwa wa mpira mmoja, akaandika juu ya kila nafasi kadiri ya ufanisi aliojitarajia. Katika mipira ya katikati alijihesabia kufanikiwa mara 400 katika kila 1,000; katika ile ya chini kabisa upande wa nje, mara 230 tu. Mtu ni yule yule, gongo ni lile lile, mikono haikubadilika. Kilichobadilika ni mpira aliokubali kuupiga.

Na mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 23, aliamka siku ya mwisho ya msimu, tarehe 28 Septemba, huko Philadelphia, wastani wake wa kupiga ukiwa chini ya 400 katika kila 1,000 kwa chembe ndogo mno, hata kwamba katika kukadiria hesabu ungaliandikwa 400 kamili na jina lake likaingia katika tarikhi bila ya jasho. Joe Cronin, meneja wake, alimpa hiari ya kupumzika. Williams akakataa, akacheza michezo miwili siku hiyo, akapiga mara sita katika mara nane, akamaliza msimu kwa 406. Watu husimulia habari hiyo kama kisa cha ushujaa, na ushujaa umo. Lakini mimi naona humo kitu ambacho mtoto anaweza kukiiga pasipo kuwa shujaa, nacho ni utulivu wa mtu anayejua hasa anachokwenda kukitafuta. Anayeingia katika mnada wa samaki alfajiri naye amekwisha kuamua kwamba leo anataka changu, na kwa bei gani, hasumbuki na makelele ya mnadi. Asiyeamua hununua kila anachoonyeshwa, akarudi nyumbani na samaki asiyemtaka na mfuko mtupu.

Basi mtoto afundishwe kuingia uwanjani na mpira wake moyoni. Kabla ya kusimama karibu na kibao, amtazame mrushaji anavyowarushia wenziwe, aone mkono unatokea wapi, na kama mipira yake leo inashuka chini au inapanda juu; kisha aazimie: nautaka wa katikati, usawa wa kiuno, na mwingine wowote nitauacha upite, hata mwamuzi akiuita straiki, maadamu bado nina straiki za kusalia. Zikifika straiki mbili azma hubadilika, na hapo ashike gongo juu kidogo, afupishe mzunguko wake, akubali hata mpira ambao asingeutaka mwanzo, kwa kuwa sasa kazi yake ni kuugusa. Sina haja ya kuongeza zaidi ya hayo kwa mtoto aliye chini ya miaka 13.

Lakini hapa yanipasa kusema kwa ukali, kwa sababu fikra hii njema hupotoshwa. Wapo walimu ambao, wakijua kwamba warushaji wadogo hawana shabaha, humwamuru mtoto aliye dhaifu katika timu asimame tu na gongo begani, asipige kabisa, angoje mipira mibovu minne apewe kituo cha bure. Timu hupata faida, na mwalimu husifiwa kwa hekima. Ama mtoto yule, amefundishwa mbele ya wenziwe wote kwamba hatazamiwi kupiga. Subira ninayoisifu mimi si ya aina hiyo. Mpigaji mwenye subira ya kweli ameazimia kuupiga kila mpira unaokuja, mguu umekwisha kuanza na mikono i tayari, mpaka mpira wenyewe umwonyeshe kwamba si ule autakao, ndipo ajizuie. Kujizuia huko ni tendo, tena zito kuliko kupiga.

Na khofu je? Tusimdanganye mtoto kwamba haina msingi. Mpira ni mgumu, na ukimpata ubavuni unauma; mtoto anayejivuta nyuma mpira unapokuja anafanya lile ambalo maumbile yalimwekea kwa hifadhi yake. Dawa yake haipatikani kwa kumkaripia wala kwa kumwita mwoga. Avae kofia ngumu, kisha arushiwe mipira laini ya tenisi katika mazoezi, afundishwe kugeuka kuelekea nyuma, bega na mgongo vikiukabili mpira na uso ukifichwa, mara nyingi, mpaka mwili wake ujue kwamba una njia ya kujihifadhi. Mwenye njia ya kujihifadhi husimama.

Wakubwa wenyewe hawakuona aibu kutafuta namna ya kuituliza nafsi. Sadaharu Oh wa Japani, aliyemaliza kazi yake na mapigo 868 ya kuvuka uzio, alikuwa mpigaji wa kutapatapa mpaka mwalimu wake Hiroshi Arakawa alipompeleka kusoma aikido, akamfundisha kusimama kwa mguu mmoja akingoja, na akampa upanga akate vipande vya karatasi vilivyotundikwa, kitu ambacho hakikatiki kwa nguvu wala kwa haraka. Mwaka 1961 alikuwa amepiga 13 tu ya mapigo hayo. Mwaka 1962, alipoanza kusimama kwa mguu mmoja, alipiga 38. Huko California, marehemu Ken Ravizza, mtaalamu wa saikolojia ya michezo, aliwawekea wanafunzi wa chuo cha Fullerton choo kidogo cha mfano katika banda la wachezaji, ili aliyekosa avute maji na kosa lake liende zake kabla hajarudi uwanjani. Na timu hiyo, iliyouanza vibaya msimu wa mwaka 2004, iliumaliza ikiwa bingwa wa vyuo vya Marekani. Mtoto hahitaji upanga wala choo. Apewe pumzi moja ndefu kabla ya kuingia, na kitu kimoja kisichotikisika cha kukitazama, kama nguzo ya mwisho wa uwanja, na aachiwe vitu hivyo viwe vyake.

Katika msimu ule wa 1941, ambao watu hawajaacha kuutaja, Williams alihesabiwa majaribio 456, akapiga salama 185. Maana yake mara 271 hakupiga salama. Mzazi anayemhesabia mwanawe kwa kupiga salama au kutopiga salama anatumia mizani ambayo hata bingwa yule ingemwonyesha mpungufu. Nawaomba walimu waweke daftari la namna nyingine, waandike mtoto alipiga mpira wa aina gani na aliacha wa aina gani, bila ya kujali kama mdakaji wa upande wa pili aliudaka. Na mzazi, katika njia ya kurudi nyumbani, mwanawe akisha kunywa maji na kupumzika, amwulize swali moja tu: ulikuwa ukiungoja mpira upi? Akijibu kwamba aliungoja wa usawa wa kiuno, ukaja wa chini akauacha, ukaja alioutaka akaupiga ukadakwa, mtoto huyo amecheza vizuri na aambiwe hivyo. Akijibu kwamba hakuwa akiungoja wowote, asikaripiwe. Kesho jioni ichukuliwe ile mipira ya tenisi, na kabla ya kila mmoja kurushwa, aseme kwa sauti ni upi autakao.