Selimundu: Mtoto Apimwe Kabla Hajaugua
Mada kwa Wauguzi na Waganga wa Wilaya



Nimeombwa nieleze misingi ya jenetiki ya binadamu. Mliisoma chuoni, kwa hiyo nitaipitia haraka. Seli ina kromosomu 46, nusu za mama na nusu za baba, na hitilafu katika jeni moja yatosha kuleta ugonjwa. Katika selimundu, jeni ya himoglobini iliyo kwenye kromosomu ya 11 imebadilika mahali pamoja tu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja ni AS, na kwa kawaida haumwi. Aliyeirithi kwa wote wawili ni SS, naye ni mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba AS hukinga dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni hii imeenea kwetu, hasa Kanda ya Ziwa.

Sasa niingie kwenye linaloniumiza. Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 wenye selimundu huzaliwa Tanzania kila mwaka, na wengi tunawagundua wameshaumia. Himoglobini ya kichanga humlinda mtoto miezi ya mwanzo. Ikishapungua, mikono na miguu huvimba, macho huwa ya manjano, damu hupungua. Mama anamleta, anapimwa malaria, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Akija tena anaongezewa damu, na kwenye faili tunaandika "upungufu wa damu" bila kuuliza umetokana na nini. Wengine hufa kwa nimonia ambayo penisilini ya kila siku hadi miaka 5 ingeweza kuizuia.

Naelewa uhaba wa vitendanishi, wala sikilaumu kituo chochote. Lakini watoto wa akina mama wenye VVU tunawachoma kisigino na kukausha tone la damu kwenye karatasi. Tone la namna hiyo hiyo linatosha kupima selimundu. Kuchoma tunajua, kukausha tunajua, kusafirisha tunajua. Tunasubiri nini?

Mtoto asipopimwa, wazazi nao hawajijui kuwa ni AS, na nyumbani lawama humwangukia mama peke yake. Hata walioambiwa "mmoja kati ya wanne" hudhani akishapatikana mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo: kila mimba huanza hesabu yake upya.

Napendekeza mtoto apimwe kwenye kliniki ya chanjo, na jibu liandikwe kwenye kadi yake. Mwenye SS aanze penisilini kabla ya miezi 3. Baba aitwe pamoja na mama kupewa ushauri. Haidroksiyurea ifike hospitali za wilaya, isiishie za rufaa. Halmashauri zitenge fungu la vitendanishi. Narudia, kwa kuwa nimelisema kwenye vikao vingi: apimwe kabla hajaugua. Na pale tulipochelewa, sampuli ichukuliwe kabla ya kuongeza damu, si baada, maana damu ya mchangiaji huvuruga jibu kwa miezi kadhaa.